Meno ya Nta ya Bibi

Jumatano, saa nane na dakika ishirini mchana, niliitikia kwa kichwa pahali ambapo ningefungua mdomo nikasema neno moja tu, na aibu yote niliyoipata tangu saa hiyo mpaka magharibi, ya jino na halua na mamamkwe wa dada yangu na wanawake tisa waliovuka barabara kwa pamoja kama wanakwenda mazikoni, ilitoka kwenye kichwa hicho kimoja. Nasema mapema ili mkianza kunicheka mjue nimeshajicheka kabla yenu. Na saa naijua kwa sababu kwa daktari wa meno kuna saa kubwa ukutani, na mimi nikiona haya (yaani muda mwingi wa maisha yangu) huangalia saa ili nisiangalie watu.

Niwaeleze kwanza. Bibi yangu, mamake mama, hana meno. Yalitolewa moja moja mpaka yakaisha, mimi nikiwa bado mdogo wa kushikwa mkono, na tangu hapo huzungumza na ncha ya leso mdomoni, akicheka anageukia ukuta, na kwenye shughuli za watu huomba apelekewe sahani chumbani. Na huyu ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Jumamosi dada yangu Rukia alikuwa anaolewa, na kwetu mkubwa wa ukoo ndiye anayesimama mlangoni kuwapokea wanawake wa upande wa bwana arusi, awaamkue, awakaribishe, aseme maneno mawili matatu mbele ya watu wote. Bibi akasema akiwa na meno atasimama, asipokuwa nayo asimame Salma (Bi Salma ni mdogo wake), yeye atakaa ndani. Rukia alilia siku mbili. Akawa anasema, "Nimelelewa na yeye, halafu siku yangu akae ndani na magunia ya mchele?"

Kwa hiyo meno yalikuwa lazima yawahi Jumamosi, hilo nililijua mimi, alilijua mama, alilijua hata paka wetu.

Daktari wetu anaitwa Kadzo, mtu wa Kaloleni, mpole kwa watoto na mkali kwa wakubwa. Pale kwake huenda nyumba nzima nzima: vitoto vinavyohesabiwa meno kwa wimbo, sisi wa peremende nyingi wa kuzibwa, na wazee wa meno ya bandia, wote mko kwenye mabenchi yale yale mnasikilizana mnavyolia. Siku hiyo mama alikuwa kwa fundi wa nguo, akanituma mimi nimpeleke Bibi, na kwa kuwa nilikuwa na jino langu lililotoboka, daktari akaanza na mimi, akanidunga ganzi, akaliziba, na nusu ya mdomo wangu ikawa si yangu tena. Kisha akaketi Bibi.

Sasa hapo ndipo nilipojua kuwa meno ya bandia hayatengenezwi kwa siku moja kama chapati. Wiki iliyopita Bibi alikuwa ameshapimwa fizi. Siku hii daktari alitoa kisanduku, ndani yake meno ya juu na ya chini yamepangwa safi juu ya nta ya rangi ya waridi, akamvisha Bibi taratibu, halafu akageuka akanitazama mimi.

"Haya ni ya kutazama, si ya kulia," akasema. "Yameshikwa na nta tu. Wewe ndiye mtu wa nyumbani, mtazame vizuri uniambie kama huyu ndiye bibi yako. Likiwepo la kubadilisha mniambie leo, maana kesho saa mbili asubuhi gari linayachukua kwenda Mombasa kwa fundi, na yakishapikwa huko hayabadiliki tena. Ijumaa yanarudi, Jumamosi mnakwenda arusini."

Nilimtazama. Wallahi moyo uliniruka. Mashavu ya Bibi yalikuwa yamerudi, midomo imejaa, kidevu kimeshuka pahali pake, akawa anafanana na mama kabisa, nikataka kucheka na kulia pamoja, lakini kwa ganzi ile nilichoweza ni kutoa mate upande mmoja.

"Mazuri, daktari," Bibi akasema. "Ahsante sana."

Mara chumba cha pili mtoto akapiga ukelele wa kuchinjwa, daktari akasema, "Nipeni dakika kumi, kaeni hapa mjitazame," akatoka akafunga mlango. Bibi akanyanyua kioo tena. Akajitazama kulia, akajitazama kushoto.

"Mazuri kweli," akanambia kwa sauti ya chini. "Lakini huyu ni mtu wa kwenye tangazo. Mwanya wangu uko wapi?"

Mwanya wa Bibi ni habari ndefu. Babu (Mungu amrehemu) alikuwa akisema yeye hakuoa mke, alioa mwanya, na mke akaja nao. Mimi sikuukumbuka, na picha hakuna, kwa sababu kwenye picha zao za zamani watu wote wamefunga midomo kama wanangoja sindano. Na haya ya daktari yalikuwa yamebanana mbele kama sahani kabatini.

"Mwambie daktari," Bibi akasema.

Nikautazama mlango. Ningebisha, mtoto yule angelia zaidi, daktari angegeuka na sindano mkononi, ningesema kwa mdomo wangu wa nusu kuwa meno aliyoyapanga si sawa. Nikautazama tena mlango, kisha saa.

"Huwezi," Bibi akasema, hakunilaumu, ananijua. "Na mimi siwezi kumrudia, nimeshamwambia mazuri. Basi twende hapo kwa Salma, ng'ambo ya barabara tu. Yeye anaujua mwanya wangu kuniliko mimi, atwambie ulikuwa upana gani, tuje na yeye aseme. Tutarudi kabla ya mtoto huyo kunyamaza."

Saa nane na dakika ishirini. Nikaitikia kwa kichwa.

Kwa Bi Salma ndiko kulikokuwa na matayarisho yote, kwa vile uwanja wake wa nyuma ni mkubwa kuliko wetu. Tuliingia tukakuta mikeka imetandikwa, wanawake wanachagua mchele wa biriani, udi unafuka, na Bibi akapita kwenye mlango ule bila ya leso mdomoni. Sijui niwaeleze vipi. Bi Salma akaangusha ungo, akaja akamshika dada yake kidevu kama anayenunua mbuzi.

"Fungua. Funga. Cheka," akasema. Bibi akacheka. Vigelegele vikapanda mpaka nikasikia pikipiki ikisimama barabarani kutazama kuna nini, na mimi niliyekuwa nyuma yake nilijiona kama ndiye niliyemzaa.

"Lakini mwanya hakuna," Bi Salma akasema.

"Si ndio nilioujia," Bibi akasema.

Hapo yakaanza mabishano matamu kuliko arusi yenyewe. Mmoja akasema mwanya ule ulikuwa wa kupita kijiti cha kiberiti. Mwengine akasema huo ulikuwa wa marehemu mama yao, wa Bibi ulikuwa mwembamba, wa kupita uzi. Bi Salma akaokota punje ya mchele kwenye ungo, akainyanyua, akasema, "Tulikuwa wasichana, tukimsimamishia punje moja hapa mbele inasimama wima, haianguki, tukimpa ya pili haiingii. Nani anabisha?" Hakuna aliyebisha. Mimi nikatia punje moja kwenye kitambaa changu, nikafunga fundo, nikajiona nimemaliza kazi. Tungeondoka saa ile, hata nisingekuwa na la kuandika.

Lakini pale mkekani, juu ya mto, alikuwa amekaa Bi Zainabu, mamake bwana arusi, aliyefika kutoka Kikambala jana yake akafikia kwa jamaa zake mtaa wa pili. Ni mama mnene wa heshima zake, anazungumza polepole kama anasoma khutuba, na tangu tuingie alikuwa akimtazama Bibi kwa furaha. Akasema, "Mkwe wangu, sikupata kukuona uso wako wote mpaka leo. Njoo tunywe kahawa pamoja."

Sasa niambieni, ni nani atakayemwambia mamake bwana arusi kuwa hanywi kahawa yake? Bibi akakaa. Dele likaja, kahawa ya tangawizi inafuka moshi, vikombe vidogo, na kisahani cha halua. Nikakumbuka maneno ya daktari, si ya kulia, na hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi ambayo haikutumwa: nikajiambia kahawa hailiwi, hunywewa. Nikakaa kimya. Bibi, ambaye miaka na miaka hakunywa kikombe mbele ya watu, akanywa cha kwanza, akasimulia. Akanywa cha pili, akasimulia zaidi. Cha tatu alikiomba mwenyewe.

Nta na kahawa ya moto, mimi najua sasa.

Alipochukua kipande cha halua akakiuma, niliona macho yake yakifunguka. Mdomo ukaacha kutafuna. Leso ikapanda juu mpaka puani, na upande wa chini mkono wake ukanijia, kwa kuwa nimekaa ubavuni mwake, ukanitia kitu cha moto kinachonata kwenye kiganja cha kulia. Ilikuwa halua aliyoitoa mdomoni. Nikadhani imemshinda kutafuna tu, nikakunja ngumi, nangoja nafasi ya kwenda kuitupa.

"Saada," Bi Salma akaniita, "mpitishie mkwe halua. Mbona wamkalisha mgeni na kahawa kavu?"

Kisahani kilikuwa mbele yangu. Mkono wa kulia una halua ya Bibi. Mkono wa kushoto mtupu, lakini kumpa mtu mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto, tena mamamkwe wa dada yako, tena mbele ya ukoo mzima, hilo ni bora ukimbie mji. Basi nikafanya upesi upesi: nikaiweka ile halua kwenye ukingo wa kisahani upande wangu, nikakishika kisahani kwa mkono wa kulia wenye adabu, nikanyanyuka nikampelekea, nia yangu akichukua cha katikati nirudi na cha kwangu.

Nilisahau kuwa ukimpelekea mtu kisahani, upande wako unakuwa juu ya kidole gumba chako, na ukipiga magoti ukakizungusha kwa heshima, upande wako unakuwa wake.

Bi Zainabu akasema bismillahi, akachukua kile cha ukingoni. Akatafuna mara moja. Ikalia *kak*, watu wote wakasikia. Akatia vidole mdomoni, akatoa jino.

"Jino langu," akasema.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake. Nililiona lile jino karibu kuliko mtu yeyote, jeupe, jipya, na chini yake chembe ya waridi. Nikageuka nikamtazama Bibi. Juu ya leso yalibaki macho tu, yananitazama mimi, na nikaelewa kila kitu kwa mara moja.

"Nilivalishwa jino hapa pembeni," Bi Zainabu akasema huku amejishika shavu, "wakanambia halitoki mpaka siku ya kufa kwangu." Alipitisha ulimi, lakini mtu akishtuka ulimi wake humwambia lolote alitakalo. "Limetoka. Nalihisi pengo."

"Daktari yupo hapo ng'ambo," Bi Salma akasema, na kabla sijameza mate wote wameshasimama, mabuibui yametupwa mabegani, mgeni ameshikwa huku na huku, jino limefungwa kwenye karatasi laini. Bibi hakuweza kusema kitu, akifungua mdomo meno yaliyobaki yangemwangukia kifuani. Mimi ningeweza. Niwe mkweli, ganzi ilikuwa imeshaanza kutoka, nilikuwa nahisi ulimi wangu vizuri kabisa. Neno lilikuwa moja: si lako. Nikalitafuta njia nzima, nikawa nangoja wanyamaze, nikawa nangoja tufike, nikawa nangoja mtu mwengine agundue.

Mabenchi yalikuwa yamejaa kina mama na watoto wao. Daktari Kadzo alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, anauliza, "Yule bibi yuko wapi na nta yangu?" Hakujibiwa, aliletewa Bi Zainabu. Akamkalisha kitini, na kwa vile wanawake tisa hawakuingia wote, mlango ukabaki wazi, na kila aliyekuwa pale nje akawa anamtazama mgeni wetu wa heshima mpaka kooni.

Daktari akagonga jino moja moja. "Yote yapo," akasema. "Na hili la kuvalishwa limekaa imara, aliyelivalisha alijua kazi."

"Na hilo ulilolishika?" Bi Zainabu akauliza.

Daktari akaligeuzageuza mwangazani. Akalinusa. "Hili lanuka hiliki," akasema. "Na ni langu. Nimelipanga mwenyewe."

Katoto kamoja kwenye benchi, kenye kauli safi kuliko yangu, kakauliza, "Mama, yule nyanya amekula jino la yule nyanya?"

Ilianza kwa mama mmoja kuziba mdomo, ikaenda benchi la pili, na mwisho palikuwa hapana mtu asiyecheka isipokuwa wanne: daktari, Bi Zainabu, Bibi, na mimi niliyesema, "Ni mimi," kwa sauti ambayo nadhani niliisikia peke yangu, na ute ukanitoka upande wa ganzi ukanidondokea kwenye sare ya shule.

Bi Zainabu akashuka kitini polepole. Akajifunga mtandio. Hakumtazama mtu. "Basi nimelishwa jino," akasema, akatoka, na kicheko kikakatika pale pale.

Daktari aliyatoa meno ya Bibi. Ya mbele yalikuwa yameinama nje kama watu wanaochungulia kisimani. "Haya nayaanza upya usiku wa leo kwa mikono yangu," akasema, "lakini kuyafunga siyafungi mpaka aliyevaa atazamwe tena. Njooni kesho kabla ya gari. Likiondoka tupu, jengine ni wiki ijayo. Na mjukuu," akanitazama mimi, "uje na mtu anayejua kusema."

Neno hilo lilinichoma kuliko sindano. Nyumbani mama alinigombeza mpaka akachoka. Bibi alikuwa amekaa, leso imerudi, akasema mara moja tu, "Mwacheni, nilimpeleka mwenyewe." Rukia hakunigombeza kabisa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliniuliza, "Kwa nini hukusema palepale uani? Tungecheka sote yakaisha."

Kesho yake asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla mama hajaamka kunituma, nilikuwa mtaa wa pili nabisha mlango. Nilikuwa nimeandika la kusema kwenye karatasi, mistari sita. Akafungua Bi Zainabu mwenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Ni wewe wa halua."

"Ndiyo mimi." Karatasi ikabaki mfukoni. "Halua ile ilikuwa mkononi mwangu na sikujua ina jino. Lakini ulipolitoa nilijua. Nikakuacha ukavuka barabara na watu. Naomba radhi yako."

Pale hapakuwa na saa ya kutazama, ikabidi nimtazame yeye.

"Jino halikuniudhi," akasema. "Mdomo wangu kuachwa wazi mbele ya watu wa mji mgeni, hilo ndilo lililoniudhi. Tena ungelizuia kwa neno moja."

"Ndiyo."

"Na meno ya bibi yako?"

"Gari linakuja saa mbili."

"Sasa wanisimamia hapa wafanya nini? Nenda. Na umwambie Jumamosi nikifika nataka nimkute yeye mlangoni. Mwengine simtaki."

Nilikimbia nyumbani kumchukua Bibi. Njiani nilijiapiza, na naandika hapa ili nisijikane: nitaona haya kama kawaida, nitatokwa jasho, nitasahau maneno, lakini nikiwa najua jambo ambalo mtu mwengine anaaibika kwa kutolijua, sitangoja wanyamaze kwanza.

Daktari alikuwa ameshawasha taa yake ya kuyeyushia nta. Macho yake mekundu, meno ya Bibi yamesimama sawasawa juu ya nta mpya, na nilipompa ile punje ya mchele ya Bi Salma alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana, akayatenga yale mawili ya mbele, akamvisha Bibi, akampa kioo.

"Mazuri, daktari," Bibi akasema. "Ahsante sana."

Sauti ile ile ya jana. Saa mbili kasorobo.

"Bado, daktari," nikasema. Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mtoto mmoja nje akageuka. "Bibi anaona haya kukwambia. Mwanya umebana juu, punje haiwezi kusimama wima. Mwanya uende mpaka kwenye fizi, usiishie nchani."

Daktari akanitazama, akamtazama Bibi. Bibi akainamisha kichwa kidogo tu, kama mtu aliyefumaniwa. Daktari akapasha kisu chake, akafungua nta kidogo, akapuliza, akavisha tena.

Bibi akajitazama. Hakusema mazuri, hakusema ahsante. Aliinyosha shingo, akakishika kioo mbali kidogo, na akaanza kukiamkua: "Karibuni, karibuni wakwe zetu, nyumba ni yenu, mpite ndani, mmefika salama?"

Nje gari la Mombasa likapiga honi. Nikatoka mwenyewe kumwambia dereva angoje, Bibi hajamaliza kukaribisha.